Dhahabu ya Mfalme Mkuu na Ugomvi wa Wagiriki

Katika jiji la Istanbul, mahali palipokuwa uwanja wa mbio za farasi enzi za Warumi, imesimama nguzo ya shaba iliyosukwa kwa miili ya nyoka watatu. Vichwa vyao vilikatika zamani. Wagiriki waliitengeneza kwa nyara walizochukua kwa Waajemi kwenye vita vya Plataea mwaka 479 KK, wakaiweka wakfu kwa Apollo huko Delphi, na karne nane baadaye Kaisari Konstantino akaihamishia kwenye mji wake mpya. Kwenye mikunjo ya nyoka hao yamechongwa majina ya miji iliyosimama dhidi ya Uajemi. Ni 31 tu. Zama hizo Wagiriki walikuwa na mamia ya miji iliyojitawala, kuanzia Bahari Nyeusi hadi Sicily na Libya. Mingi ilikuwa mbali na vita. Mingine ilikuwa karibu sana, na watu wake walipigana Plataea siku hiyohiyo wakiwa upande wa Uajemi.

Orodha hiyo fupi inapingana na hadithi tuliyoizoea. Hadithi yenyewe husema kwamba kulikuwa na kambi mbili: Wagiriki huru upande huu, na upande ule watumwa wa mfalme mmoja wa mashariki, wachache wakawashinda wengi, na uhuru ukaokoka. Imesimuliwa darasani, vitabuni na katika filamu hadi ikaonekana haihitaji ushahidi. Ukiufuata ushahidi wenyewe, unakuta jambo jingine. Kwa takriban miaka 170, tangu uasi wa Ionia mwaka 499 KK hadi kifo cha Darius III mwaka 330 KK, kilichoamua mambo kati ya mataifa haya mawili kilikuwa hasa ugomvi wa Wagiriki wao kwa wao. Uajemi ilipowaendea kwa jeshi kubwa, ilifanya baadhi yao waungane, ikashindwa. Ilipowaacha wagombane na kuwalipia gharama za ugomvi, ilipata karibu kila ilichokitaka.

Mambo yalianzia Ionia, kwenye pwani ya magharibi ya Uturuki ya leo, ambako Wagiriki walikuwa wameishi kwa karne kadhaa. Mfalme Cyrus, ambaye wasomaji wa Biblia wanamjua kwa jina la Koreshi, aliuteka ufalme wa Lydia mnamo miaka ya 540 KK, na miji hiyo ya pwani ikawa chini ya liwali wa Kiajemi aliyekaa Sardis. Athens yenyewe, ambayo baadaye ilijitangaza kuwa ngome ya uhuru, mnamo mwaka 507 KK ilituma wajumbe Sardis kuomba urafiki na Waajemi, kwa sababu iliihofia Sparta. Wajumbe wakatoa udongo na maji, ishara ya kumtambua Mfalme Mkuu wa Uajemi kuwa bwana wao. Waliporudi nyumbani walilaumiwa, lakini kwa macho ya Waajemi ahadi ilikuwa imetolewa. Hivyo Athens ilipopeleka merikebu 20 kuwasaidia Waionia waasi, na Sardis ikateketezwa kwa moto mwaka 498 KK, Mfalme Darius wa Kwanza aliona mbele yake mshirika aliyevunja neno lake.

Uasi wenyewe ulianza kwa ugomvi mdogo. Matajiri waliofukuzwa kisiwani Naxos walikimbilia Miletus kuomba msaada. Mtawala wa Miletus, Aristagoras, akamshawishi liwali wa Sardis wakiteke kisiwa hicho pamoja. Safari ikashindikana, na Aristagoras, kwa kuogopa adhabu, akageuka kuwa kiongozi wa uasi. Uliisha kwa namna inayofanana na ulivyoanza. Mwaka 494 KK, katika mapambano ya baharini ya Lade, Wagiriki walikuwa na merikebu 353. Kati ya 60 za Samos, 49 zilitweka tanga zikaondoka kabla vita havijapamba moto, kwa mapatano ya siri, na baada yao wengine wengi wakafuata. Miletus ikatekwa na watu wake wakahamishwa kwa nguvu. Ukatili huo ni wa kweli na haufai kupunguzwa. Lakini Herodotus, Mgiriki aliyezaliwa Halicarnassus kwenye pwani hiyohiyo, anaeleza pia kilichofuata: mwaka 493 KK liwali Artaphernes aliilazimisha miji ya Ionia kufanya mapatano ya kumaliza mashauri yao kwa sheria badala ya kuvamiana, akaipima ardhi na kupanga kodi kwa vipimo hivyo. Mwaka uliofuata jemadari Mardonius aliwaondoa watawala wa mabavu katika miji hiyo na kuweka serikali za wananchi. Herodotus alijua kwamba wasomaji wake wangeshangaa, na anasema hivyo waziwazi. Utawala uliodaiwa kuuchukia uhuru kwa asili yake ulikuwa tayari kuuruhusu ndani ya kuta za mji, mradi kodi ifike na amani iwepo.

Tukifika kwenye mapambano makubwa, picha ni hiyohiyo. Majeshi ya Darius yalipotua Marathon mwaka 490 KK, aliyewaonyesha pa kutua alikuwa Hippias, mtawala wa Athens aliyefukuzwa miaka 20 iliyotangulia. Xerxes, mwana wa Darius, aliposhuka Ugiriki mwaka 480 KK, alikuwa na Demaratus, aliyekuwa mfalme wa Sparta kabla ya kupinduliwa na ndugu zake, akiwa mshauri wake. Argos ilikataa kujiunga na muungano kwa sababu Sparta ilikuwa imewaua wanaume wake 6,000 muda mfupi tu uliopita. Kwa watu wa Argos, adui aliyejulikana kwa damu alikuwa Msparta. Wathessalia walikwenda na Xerxes. Majirani zao Waphocis walikataa, na Herodotus anatoa sababu ambayo naiona ni moja ya sentensi za kweli kabisa katika kitabu chake kizima: waliwachukia Wathessalia, na lau Wathessalia wangekuwa upande wa Wagiriki, anavyoona yeye, Waphocis wangekuwa upande wa Uajemi. Pale Plataea anakadiria kwamba Wagiriki kama 50,000 walikuwa chini ya Mardonius, ilhali muungano ulikuwa na askari wenye silaha nzito 38,700. Takwimu zake kuhusu majeshi ya Uajemi zimetiwa chumvi kupita kiasi, na hata hizi hazipaswi kuchukuliwa kama hesabu ya karani, ila maana yake haibadiliki. Watu wa Thebes walipigana na Waathene siku hiyo kwa ukali mno, na 300 kati ya watu wao bora waliuawa.

Haya hayafuti ushujaa wa waliosimama dhidi ya Xerxes pale Thermopylae, wala wa wapiga makasia wa Athens, watu maskini kwa sehemu kubwa, walioipigania nchi yao katika mlango wa bahari wa Salamis huku moshi wa mji wao ukionekana. Walijua wanapigania nini. Swali ni kama ushindi wao ulizaliwa na taifa moja lililoungana, na jibu ni kwamba hapakuwa na taifa hilo. Ushindi ulitokana na muungano wa muda uliokaribia kuvunjika mara kadhaa, na ambao Themistocles wa Athens alilazimika kuuzuia usitawanyike kwa kumtumia Xerxes ujumbe wa hila ili merikebu za Uajemi ziwazingire. Halafu tazama hatima ya mashujaa hao. Pausanias, kamanda wa Plataea, alituhumiwa kula njama na Mfalme Mkuu, akafungiwa hekaluni Sparta hadi njaa ikamuua. Themistocles alifukuzwa Athens, akaishia kuwa mtawala wa Magnesia kwa hisani ya Artaxerxes, mwana wa Xerxes. Ndani ya miaka 20 hivi, mabingwa wawili wa vita dhidi ya Uajemi walikuwa wamesukumwa na ndugu zao, kwa haki au kwa uzushi, kuelekea upande wa Uajemi.

Kuna ushauri mmoja uliotolewa katika majira hayo ambao wanahistoria wa vita huupita haraka, nami nadhani ndio ufunguo wa karne nzima iliyofuata. Mwaka 479 KK, kabla ya Plataea, watu wa Thebes walimsihi Mardonius asihangaike kupigana. Wagiriki wakiwa pamoja, walimwambia, ni vigumu kuwashinda. Tuma fedha kwa wakubwa wa miji yao, uwagawe, kisha kwa msaada wa wale utakaowapata utawashinda wasiokutaka. Artabazus, jemadari mwingine wa Kiajemi, baadaye alitoa shauri linalofanana na hilo. Mardonius hakusikia. Alitaka kuiteka Athens mara ya pili, akapigana, akafa. Wafalme waliofuata walikuja kulitumia shauri hilo hatua kwa hatua, na hawakuhitaji tena kuchimba mfereji wala kuvusha majeshi juu ya madaraja ya mashua kama alivyofanya Xerxes.

Hapa mtetezi wa hadithi ya zamani atasema: hata kama Wagiriki waligawanyika, wale wa miji 31 walipigania uhuru, na bila wao tusingepata demokrasia ya Athens, tamthilia zake wala falsafa yake. Hoja hii ina uzito. Xerxes angeshinda, serikali ya wananchi ya Athens huenda ingeishi kwa ruhusa tu ya liwali, na ruhusa huweza kuondolewa. Lakini tusidai kwamba fikra haziwezi kuchanua chini ya Mfalme Mkuu, kwa maana falsafa ya Kigiriki ilichipuka Miletus, kwa Thales na Anaximander, wakati Ionia ikitawaliwa na Walydia kisha Waajemi. Na uhuru uliopatikana Salamis, Athens iliutumiaje? Mwaka 478 KK iliunda muungano wa kuendeleza vita dhidi ya Uajemi, na kodi ya kwanza ya wanachama ilipangwa kuwa talanta 460 kwa mwaka. Naxos ilipotaka kujitoa, ilizingirwa na kutiishwa. Thasos nayo ilipojitoa, ilipoteza kuta zake na merikebu zake. Mwaka 454 KK hazina ya muungano ilihamishwa kutoka kisiwa cha Delos hadi Athens. Mwaka 416 KK wenyeji wa kisiwa kidogo cha Melos, ambao kosa lao lilikuwa kukataa kujiunga, walizingirwa. Walipokubali kushindwa, wanaume waliokamatwa wakauawa na wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Kwa mkulima wa Ionia, mtoza kodi alikuwa amebadilika jina tu. Simulizi la kwamba Mgiriki ni huru kwa maumbile na Mwajemi ni mtumwa lilikua katika miaka hiyohiyo ambayo Athens ilihitaji sababu ya kuendelea kukusanya kodi ya vita, ingawa vita vyenyewe vilikuwa vimepungua.

Athens na Sparta zilipoanza kuangamizana mwaka 431 KK, Uajemi ilitazama kwa miaka mingi kabla ya kuingiza mkono. Waswahili husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 412 KK, baada ya Athens kupoteza jeshi lake Sicily, Sparta ilitia saini mkataba na liwali Tissaphernes uliosema kwamba ardhi yote aliyokuwa nayo Mfalme, au waliyokuwa nayo wazazi wake, ni mali yake. Msparta mmoja, Lichas, alilalamika kwamba kwa maneno hayo hata Thessaly na visiwa vingerudi kwa Uajemi, na kwamba Sparta, iliyojinadi kuwa mkombozi wa Wagiriki, ingekuwa inawauza. Maneno yakalainishwa, ila Wagiriki wa Asia walibaki wameuzwa. Mwaka 407 KK alifika Cyrus Mdogo, mwana wa mfalme, na jemadari Lysander wa Sparta akamwomba aongeze mshahara wa mabaharia kutoka oboli 3 hadi 4 kwa siku. Oboli moja tu. Lakini wapiga makasia wengi wa Athens walikuwa watu wa kukodiwa kutoka visiwani, nao wakaanza kuhama kufuata mshahara mnono. Merikebu zilizoizamisha Athens pale Aegospotami mwaka 405 KK zilielea juu ya fedha ya Uajemi, na mwaka uliofuata Sparta ikabomoa kuta za Athens kwa shangwe, ikatangaza kwamba siku ya uhuru wa Ugiriki imefika.

Sparta ikavimba kichwa. Mfalme wake Agesilaus akavuka hadi Asia kupigana na walewale waliomlipia ushindi. Mwaka 395 KK mtu wa Rhodes aitwaye Timocrates alitumwa na liwali wa Kiajemi akiwa na dhahabu yenye thamani ya talanta 50 za fedha, akazigawa kwa viongozi wa Thebes, Korintho na Argos. Vita vikawaka nyuma ya Agesilaus, akaitwa nyumbani. Mwaka 394 KK wanamaji wa Sparta walivunjwa nguvu karibu na Knidos na kundi la merikebu za Uajemi, na mmoja wa makamanda wake alikuwa Conon, Mwathene. Mwaka uliofuata Conon alirudi Athens na fedha za Uajemi kujenga upya kuta zile zile zilizobomolewa miaka 11 kabla, kwa ushindi uliolipiwa na hazina ileile.

Yupo atakayepinga kwamba nimeipa dhahabu nguvu kupita kiasi, kana kwamba Wagiriki walikuwa watoto wa kununuliwa kwa peremende. Pingamizi hili ni la haki, na lilitolewa zamani sana. Katika mafunjo yaliyofukuliwa Oxyrhynchus nchini Misri kuna vipande vya historia ambayo jina la mwandishi wake limepotea, na yeye anawacheka wanaosema kwamba fedha ya Timocrates ilisababisha vita. Miji hiyo, anasema, iliichukia Sparta kabla fedha haijafika. Nakubaliana naye kabisa, na kauli yake inaiimarisha hoja hii. Fedha haikuunda chuki hata moja. Ililipa mishahara ya chuki zilizokuwepo, na Waajemi walizijua kuliko Wagiriki walivyotaka kukiri. Matokeo yake yalisomwa hadharani mwaka 386 KK, katika amani iliyopatanishwa na Antalcidas wa Sparta lakini ikatangazwa kwa jina la Artaxerxes wa Pili: miji ya Asia ni ya Mfalme, pamoja na Klazomenai na Cyprus, miji mingine yote ya Wagiriki ijitawale, isipokuwa visiwa vitatu vilivyoachiwa Athens, na yeyote asiyekubali, Mfalme atapigana naye kwa nchi kavu na kwa bahari, kwa merikebu na kwa fedha. Wajumbe wa Wagiriki waliitwa Sardis kusikiliza. Xerxes alivuka na jeshi kubwa kuliko yote yaliyowahi kuonekana, akarudi bila kitu. Kitukuu cha ukoo wake alipanga mipaka ya Ugiriki akiwa kwake.

Ugumu mkubwa zaidi wa hoja hii ni kwamba karibu kila ninachokitaja kimeandikwa na Wagiriki. Waajemi hawakutuachia kitabu cha historia ya vita hivi. Lakini wameacha vitu vingine. Darius, katika maandishi ya ujenzi wa kasri lake la Susa, anawataja Waionia na watu wa Sardis kuwa wachonga mawe yake. Huko Persepolis, si mbali na Shiraz, mji ambao simulizi za Kilwa na pwani yetu zinautaja kuwa asili ya wafalme wake, yalifukuliwa miaka ya 1930 maelfu ya vibao vya udongo vya makarani wa Mfalme, vya miaka ya 509 hadi 493 KK. Vinarekodi nafaka, mvinyo na nyama walizopewa vibarua na wasafiri, wakiwemo Waionia. Kimoja kimeandikwa kwa Kigiriki, kuhusu vipimo viwili vya mvinyo, maana yake ofisi ya Mfalme ilikuwa na mtu wa kukiandika na mtu wa kukisoma. Kutoka hapo, Ugiriki inaonekana kwa ukubwa wake halisi: mpaka mmoja wa magharibi kati ya mipaka mingi. Misri, iliyoasi mwaka 486 KK, ikaasi tena mnamo 460 KK kwa msaada wa merikebu za Athens, na ikawa huru tangu 404 hadi 343 KK, ilikuwa hasara kubwa mno kwa hazina kuliko Athens na Sparta kwa pamoja. Mtawala mwenye jeraha kama hilo Afrika huona ni busara kumaliza habari ya Wagiriki kwa njia rahisi.

Linabaki swali la Alexander. Kama sera ya kulipia ugomvi wa Wagiriki ilikuwa madhubuti, mbona ilianguka kwa kishindo ndani ya miaka minne? Kwa sababu baba yake, Philip wa Makedonia, alikuwa ameuondoa msingi wake. Baada ya kuzishinda Athens na Thebes pale Chaeronea mwaka 338 KK, aliifunga miji ya Wagiriki katika muungano wa lazima, ugomvi wao ukawekwa chini ya mkono mmoja, na Uajemi ikakosa wa kumlipa mwenye nguvu za kutosha. Ilijaribu. Mwaka 333 KK wakuu wa Kiajemi walimpa Agis, mfalme wa Sparta, talanta 30 na merikebu 10, naye aliposimama kupigana na Wamakedonia, akashindwa na kuuawa. Thebes ilikuwa imetangulia. Mwaka 335 KK, ikiwa imezingirwa na Alexander, ilimfanya mpiga mbiu apande mnarani na kumwalika kila anayetaka kuikomboa Ugiriki, kwa msaada wa Mfalme Mkuu na wa Thebes, dhidi ya dhalimu wa Wagiriki. Dhalimu aliyekusudiwa ni Alexander. Miaka 144 baada ya Plataea, neno uhuru lilikuwa limehamia upande wa Uajemi, na waliolitamka walimaanisha. Mji ukabomolewa, watu 6,000 wakauawa, 30,000 wakauzwa, na miji jirani ya Wagiriki ikapiga kura kuunga mkono.

Kampeni iliyoitwa kisasi cha Wagiriki iliwakuta Wagiriki kila ilikokwenda. Kwenye mto Granicus mwaka 334 KK Alexander aliwachinja mamluki wa Kigiriki wa Uajemi, na 2,000 waliobaki akawapeleka Makedonia wakafanye kazi wakiwa kwenye minyororo, kwa kosa la kupigana na Ugiriki. Darius III alipokimbilia mashariki mwaka 330 KK na wakuu wake mwenyewe wakamfunga na kumuua, mamluki wa Kigiriki walikuwa miongoni mwa wachache waliobaki waaminifu kwake hadi mwisho. Kama 1,500 kati yao walijisalimisha baadaye. Safari hii Alexander hakumchinja mtu. Walioajiriwa na Uajemi kabla ya muungano wa Philip aliwaachia waende zao. Waliobaki aliwaandikisha katika jeshi lake, kwa mshahara uleule waliokuwa wakilipwa na Mfalme Mkuu.